Upupu, mafuta ya korosho na mbu: kila muwasho na saa yake



Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo. Hii ni kwa wale wote ambao ofisi yao haina paa: vibarua wa korosho kule Newala na Tandahimba, wafyekaji wa pembezoni mwa barabara, mafundi wa nguzo za umeme, wapima viwanja, walinzi wa usiku, vijana wa mpunga Kilombero, na wanafunzi wanaorudi kijijini likizo kusaidia wazazi shamba. Pia ndugu zetu walioko Marekani wanaokata majani na kusafisha bustani za watu. Nao wana fungu lao humu, wasikimbie.

Wengi wetu tunatibu kila muwasho kwa njia moja. Tunajikuna, tunasugua kwa nguvu, tunanunua Piriton dukani, na mambo yakizidi tunameza dawa ya malaria bila kupima. Hapo ndipo watu wanapoumia. Vitu vinavyowasha huko porini si kitu kimoja. Kuna vinavyochoma kwa vinyweleo, kuna vinavyopaka mafuta au sumu, na kuna mdudu anayekuachia mate yake mwilini. Kinachosaidia kwa kimoja kinaharibu kwa kingine.

Ila kuna njia rahisi ya kuvitofautisha: angalia saa. Upupu unawasha papo hapo. Mzio wa mafuta ya jamii ya korosho unakuja kesho au keshokutwa. Mbu anawasha mara moja, lakini ugonjwa wake unakuja baada ya siku kadhaa au wiki mbili, wakati umeshamsahau. Ukishika hilo tu, umepata nusu ya somo. Nusu nyingine ndiyo hii hapa chini.

1. UPUPU: UNAWASHA PAPO HAPO

Upupu ni mmea wa jamii ya kunde. Unatambaa na kupanda juu ya miti na vichaka, una majani matatu matatu na maua ya zambarau. Jina lake la kitaalamu ni Mucuna pruriens. Maganda yake yamejikunja kidogo na yamefunikwa na vinyweleo vya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, vinang'aa juani utadhani manyoya ya paka. Usishike!

Hatari inakuja mvua zikiisha. Maganda yanakauka, upepo ukipita au panga likigusa tawi, vinyweleo vinaruka. Hata kama hujaugusa mmea wenyewe, ukiwa umesimama upande upepo unakoelekea, umekwisha.

Sasa kwa nini unawasha vile? Kila kinyweleo ni kama sindano ndogo sana, na ndani yake kuna protini inayoitwa mukunaini. Miaka mingi watu walidhani upupu unawasha kwa njia ileile ya mzio wa kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mukunaini inakwenda kugusa moja kwa moja vipokezi vya kwenye mishipa ya fahamu ya ngozi. Ndiyo maana Piriton na ndugu zake hazifui dafu sana mbele ya upupu. Zinazuia kitu kingine kabisa.

Ukimwagikiwa na upupu fanya hivi:

- USIJIKUNE na usisugue kwa mkono au kitambaa. Kusugua kunazamisha vinyweleo zaidi na kuvihamishia sehemu nyingine. Wengi wanaanza na mkono wanamalizia shingo na macho.
- Ondoka kwanza pale ulipo, nenda upande upepo unakotoka.
- Vua nguo polepole. Kama maji yapo, zilowanishe kwanza ndipo uzivue, ili vinyweleo visiruke tena.
- Toa vinyweleo kwa kitu kinachonata. Selotepu ni nzuri sana: bandika, bandua, tupa, chukua kipande kingine. Huna selotepu? Donge la unga uliokandwa linafanya kazi hiyohiyo: gusisha, inua, usiburuze.
- Baada ya hapo ndiyo umwagie maji mengi yanayotiririka, pamoja na sabuni. Maji yatiririke, sio kusugua kwa dodoki.
- Kama ni machoni, mwagia maji safi mfululizo na nenda hospitali. Usifikiche.

Nguo ziloweke peke yake na uzifue kando na za wengine. Nguo yenye upupu ikitupwa kitandani inawasha nyumba nzima. Na wale wanaomwagia wenzao upupu mkutanoni au bwenini kwa utani, wajue kwamba ukiingia jichoni au ukivutwa puani sio utani tena.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: kuna aina ya upupu isiyowasha ambayo wakulima wanapandishiwa shambani kurutubisha udongo na kufunika magugu. Kwa hiyo ukiona bwana shamba anagawa mbegu za upupu, usidhani kachanganyikiwa. Ila msizile hovyo mbegu hizo. Zina kemikali inayoitwa levodopa, ileile inayotumika kutengeneza dawa ya ugonjwa wa Parkinson, na zikiliwa bila kuandaliwa vizuri zinaleta madhara.

2. KOROSHO: MUWASHO WA KESHO

Tunahamia kusini sasa, Mtwara na Lindi, bila kusahau Tunduru, Pwani, na kwa majirani zetu Kilifi na Kwale. Msimu wa kuokota korosho unaanza kwenye Septemba au Oktoba na kwenda hadi mwisho wa mwaka au zaidi kidogo.

Kuokota kwenyewe sio tatizo kubwa. Unatenganisha bibo na korosho, unaanika, basi. Ganda likiwa zima linakuhurumia. Shida inaanza kwenye kubangua. Ganda la korosho lina tabaka mbili, na katikati yake kuna vijumba vidogo kama sega la nyuki vilivyojaa mafuta mazito. Mafuta hayo ni biashara kubwa viwandani, yanatengenezea rangi na breki za magari. Lakini kwenye ngozi ya binadamu ni balaa.

Yanaumiza kwa njia mbili, na watu wanazichanganya:

Ya kwanza ni kuunguza. Mafuta yanababua ngozi, inakuwa nyeusi na kuchubuka. Hii inampata mtu yeyote. Mkiweka korosho kwenye moto wa wazi, ganda linapasuka na kurusha mafuta ya moto. Moshi wake pia unawasha macho na koo. Simama upande upepo unakotoka, funika uso, na watoto wakae mbali.

Ya pili ni mzio. Hapa ngozi haijaunguzwa, ila kinga ya mwili imeyachukia mafuta yale. Vipele na malengelenge vinatokea baada ya siku moja au mbili. Mtu anabangua Jumatatu, Jumatano mkono umevimba, analaumu sabuni mpya au analaumu mtu amemroga. Kumbe ni korosho za Jumatatu. Tena mara ya kwanza kabisa mwili unaweza kuchukua wiki moja au zaidi kabla ya kujibu. Mara zinazofuata unajibu haraka.

Dawa ya mafuta ni tofauti na ya upupu. Kwenye upupu tumesema usisugue. Kwenye mafuta unatakiwa uoshe kwa sabuni na maji mengi, mapema iwezekanavyo, dakika chache za mwanzo ndizo zenye thamani. Maji peke yake hayatoshi, mafuta hayatoki kwa maji matupu, kila mwosha sufuria analijua hilo. Osha na chini ya kucha. Osha panga, nyundo, na mpini wa jembe. Fua nguo.

Kinga ni glavu. Wabanguaji wengi wa asili wanapaka majivu au mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kazi, ili mafuta ya korosho yasishike ngozi. Inasaidia kiasi, ni bora kuliko mkono mtupu, lakini glavu ndiyo mpango mzima. Na usijifute jasho usoni wala usiende msalani kabla ya kunawa. Mmenielewa.

Malengelenge yakishatokea: maji ya baridi kwenye kitambaa, losheni ya kalamaini, au krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Maji ya ndani ya lengelenge HAYAAMBUKIZI mtu mwingine na hayasambazi vipele. Kinachosambaza ni mafuta yaliyobaki kwenye nguo na vifaa. Ukivimba uso, macho au sehemu za siri, au eneo kubwa la mwili, nenda hospitali, kuna vidonge daktari anaweza kukupa.

Kabla hatujatoka kwenye mkorosho: kuna na salfa. Hiyo poda ya njano inayopulizwa katikati ya mwaka dhidi ya ubwiriunga inawasha macho, koo na ngozi yenye jasho. Anayepuliza avae miwani, kitambaa au barakoa puani, na mikono mirefu. Ukimaliza oga kabla ya kula.

3. NDUGU WA KOROSHO WALIOKO MAREKANI

Mkorosho una ukoo. Mwembe ni ndugu yake, ndiyo maana kuna watu wakila embe kwa kumenya na meno wanapata vipele kuzunguka mdomo. Utomvu wa kwenye kikonyo na ganda ndio wenye makosa, sio nyama ya embe. Menya kwa kisu, osha, kula.

Ndugu mwingine wa ukoo huo anaitwa poison oak. Huyu anaishi pwani ya magharibi ya Marekani: California, Oregon, Washington. Upande wa mashariki yupo mwenzake, poison ivy. Wadau mlioko huko mnaofanya kazi za bustani, ujenzi au kuzima moto wa msituni mtakuwa mmeonyeshwa picha yake siku ya kwanza kazini. Majani yake yanakaa matatu matatu. Majira ya joto na vuli yanageuka mekundu na kupendeza, baridi yanapukutika na kubaki fimbo tupu. Hata fimbo hiyo bado ina mafuta.

Mafuta yake yanafanana sana kikemia na yale ya ganda la korosho. Zaidi ya nusu ya watu wanapata mzio wakiyagusa. Kwa hiyo kama Mtwara korosho zilikutoa malengelenge, usijaribu kushindana na poison oak, na mwenye mzio wa poison oak awe makini na ganda la embe. Sheria ni zilezile za korosho, ongeza hizi mbili:

- Usichome moto mmea huo. Mafuta yanapanda na moshi, ukiuvuta yanakwenda kwenye mapafu. Watu wanalazwa kwa sababu hiyo.
- Mafuta yanakaa kwenye viatu, kamba na mpini wa shoka kwa miezi mingi. Hata mbwa aliyepita kichakani anaweza kukuletea nyumbani kwenye manyoya. Yeye haumwi, unaumwa wewe.

4. MNYAA NA "NARROW BEE FLY"

Hawa wawili nawaweka pamoja kwa sababu wote wanahatarisha macho.

Mnyaa, ambao wengine wanauita utupa, ni ule mti wa fimbo za kijani usio na majani ya maana, watu wanapanda kama ua. Ukikata unatoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni yanaumiza vibaya sana na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Ukikata ua wa mnyaa vaa miwani, kata kutoka chini ya usawa wa uso, na ukirukiwa osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali moja kwa moja. Sio kesho.

Halafu kuna yule mdudu mwembamba kama sisimizi mrefu, mweusi na mwekundu wa machungwa, anayefuata taa usiku baada ya mvua. Kenya wanamwita Nairobi fly. Bongo jina likageuka likawa "narrow bee fly", na likashika hivyohivyo. Sio inzi na sio nyuki, ni jamii ya mende kobe. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake na inatoka ukimpondea kwenye ngozi. Baada ya siku moja hivi unapata mstari mwekundu wenye malengelenge, kama umeunguzwa na mafuta ya chipsi.

Kwa hiyo akitua kwako usimpige. Mpulize au mpe karatasi apande, kisha mtupe. Ukishamponda kwa bahati mbaya, osha kwa sabuni na maji hapohapo, na usiguse macho. Watu wengi wanaamka jicho limevimba wanadhani ni ugonjwa wa macho mekundu, kumbe walimsugua mdudu usingizini.

5. MBU: ANAWASHA LEO, HOMA WIKI IJAYO

Kile kipele cha mbu chenyewe ni mzio wa mate yake. Hapa sasa Piriton au setirizini inasaidia, na kalamaini pia. Kipele sio ishu. Ishu ni kile alichokuachia.

Anayeuma ni jike tu. Anakufuata kwa hewa unayotoa puani, joto na harufu ya mwili. Mbu wa malaria wanapenda sana miguu, hasa chini ya magoti. Kwa hiyo yule mlinzi aliyevaa koti zito juu na kandambili chini amejifunika sehemu ambayo mbu hana haja nayo.

Mbu hawafanyi kazi shifti moja. Ratiba yao ni hii:

- Anofelesi, wa malaria: kuanzia giza likiingia hadi alfajiri. Baadhi yao wanauma sana nje na mapema, watu wakiwa bado wamekaa barazani au shambani.
- Kuleksi, yule mwenye kelele za sikioni: usiku. Ukanda wa pwani ndiye anayeeneza matende na mabusha.
- Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni: mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Huyu ndiye wa dengi na chikungunya.

Maana yake chandarua ni lazima lakini hakikulindi ukiwa kazini. Ukiwa nje unahitaji vitu vingine:

Suruali ndefu, soksi, viatu vya kufunika na mikono mirefu. Nguo nyepesi zenye nafasi, maana inayobana mbu anaiuma kwa juu. Rangi za giza zinamvutia aedesi, vaa rangi hafifu.

Dawa ya kupaka yenye DEET au ikaridini. Angalia asilimia kwenye kopo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba DEET ya karibu asilimia 24 inalinda kwa kama saa tano, wakati zile bangili za kuvaa mkononi hazikulinda kitu. Paka kwenye ngozi iliyo wazi, sio chini ya nguo, na sio karibu na macho au kwenye kidonda. Ukitoka jasho sana rudia mapema kama kopo linavyoelekeza. DEET inayeyusha plastiki, kwa hiyo futa mkono kabla ya kushika simu au miwani.

Nguo zilizotiwa pemethrini. Hii inawekwa kwenye nguo, sio kwenye ngozi.

Wanaolala kwenye madungu kulinda mpunga au mahindi, bebeni chandarua chenye dawa. Kamba nne na vijiti vinne, kazi imekwisha. Watafiti wa Ifakara wamefanya kazi kubwa kuhusu mbu wa nje. Kwa mfano mwaka 2012 walichapisha matokeo ya kutumia vipande vya gunia vilivyolowekwa dawa ya transfluthrini vinavyofukuza mbu eneo zima bila kuwasha moto. Wanajua tatizo la watu walio nje usiku, sio la kubuni.

Na maji yaliyotuama. Aedesi anazaliana kwenye matairi, makopo, vifuu vya nazi na ndoo za kwenye saiti. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili. Ukimwaga maji hayo kila wiki, unamkatisha kabla hajaota mabawa.

6. HOMA IKISHAKUJA

Hapa ndipo saa ina thamani kuliko kote. Tangu kuumwa hadi homa, malaria kwa kawaida inachukua siku 10 hadi 15, na chini ya siku 7 ni nadra. Dengi ni siku 4 hadi 10. Chikungunya mara nyingi siku 4 hadi 8.

Fanya hesabu. Umelala shambani Jumamosi, Jumapili una homa: huyo sio mbu wa Jumamosi. Na kinyume chake, umerudi mjini, wiki mbili zimepita, umeshasahau, homa inaanza: huyo anaweza kuwa mbu wa shambani. Mwambie daktari ulikuwa wapi na lini. Hili ni muhimu sana kwa mtu wa Nairobi au Zanzibar, ambako malaria ni kidogo, akienda kufanya kazi Kilombero, Mtwara au kandokando ya Ziwa Victoria. Mwili wake haujaizoea, ikimpata inampiga vibaya na haraka.

Pima kwanza. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20 kwa tone la damu. Wazee wanakumbuka klorokwini, ile iliyokuwa inawasha mwili mzima kuliko mbu mwenyewe. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Ikaja SP, nayo mwaka 2006 ikapisha dawa mseto. Tukimeza mseto kila tukisikia kichwa kinauma, nao tutauzoesha vimelea. Na ukikutwa na malaria maliza dozi, usiweke akiba vidonge vya shambani.

Kama kipimo cha malaria kinasema hapana na homa bado kali, na viungo vinauma, fikiria dengi au chikungunya. Dengi ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Chikungunya yenyewe ni ya kwetu kabisa: ilitambuliwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika uwanda wa Wamakonde, hukohuko kwenye mikorosho, na jina lake limetoka kwenye Kimakonde, maana yake ni kupindika, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mwaka 2004 iliipiga Lamu sana.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa kuna watu wanapoteza maisha kwa kidonge cha bei rahisi. Ukiwa na homa ambayo inaweza kuwa dengi USIMEZE aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Kibarua ana maumivu ya mgongo, anakwenda dukani, anapewa diklofenaki. Dawa hizo zinaongeza hatari ya kuvuja damu kwa mgonjwa wa dengi. Tumia parasetamo, kunywa maji mengi, pumzika. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, kimbia hospitali, hata kama homa imeshuka. Kwa dengi siku homa inaposhuka ndiyo ya kuwa macho zaidi.

7. NANI ANUNUE GLAVU?

Hili nalo tuliseme. Kibarua analipwa kwa siku. Akivimba mikono siku nne, siku nne hakuna hela. Halafu anaambiwa glavu ajinunulie.

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007. Zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga pale kazi inapokuwa na hatari. Glavu, buti na miwani sio zawadi ya bosi. Kabla ya kuanza kazi ulizeni, tena mkiwa wengi. Mtu mmoja akiuliza anaitwa mkorofi, kumi wakiuliza inaitwa mkutano.

KWA KIFUPI (chapa, bandika ukutani)

- Unawasha papo hapo baada ya kupita kichakani: upupu. Usisugue. Selotepu, kisha maji.
- Vipele na malengelenge kesho au keshokutwa: mafuta ya ukoo wa korosho. Sabuni na maji mapema, safisha vifaa, fua nguo.
- Mstari kama umeungua, ulikuwa karibu na taa: narrow bee fly. Mpulize, usimpige.
- Maziwa ya mnyaa jichoni: maji dakika 15, hospitali leo.
- Kipele cha mbu: kisahau, lakini kumbuka tarehe.
- Homa: pima kwanza. Parasetamo ndiyo, diklofenaki hapana.

Nawasilisha. Wadau wa Newala, Kilifi, Ifakara na mlioko California, mwageni uzoefu wenu hapo chini. Huko kwenu upupu unaitwaje kwa kilugha, na mnautoaje mwilini? Na kuna mwajiri yeyote aliyewahi kuwapa glavu bila kuombwa? Tungependa kusikia hilo nalo.